Sauti ya Bi Hadiya na Kikofia cha Kompyuta

Kila baada ya miezi michache, kanda moja ya kaseti ilisafiri kutoka Mombasa hadi Missouri City, karibu na Houston, Marekani. Haikuja kwa posta. Ililetwa na mtu yeyote wa kwao aliyekuwa safarini, ikiwa imefungwa ndani ya soksi pamoja na pakiti ya iliki.

Ndani ya kanda ilikuwamo sauti ya Bi Hadiya, mama yake Abdulhalim. Bi Hadiya alikuwa na macho mabovu na mdomo mzuri. "Barua zanichosha," alisema. "Mie nitazungumza, nyinyi mtasikiliza." Basi alizungumza. Alieleza nani ameoa, nani amehama mtaa wa Majengo, na paa la jikoni lavuja upande gani. Aliwakaripia kidogo, akawaombea dua, kisha akamaliza kwa maneno yale yale kila mara: "Haya, kanda inakwisha, mimi sijakwisha."

Kanda ilikuwa moja tu. Hapo mwanzo ilikuwa kanda fupi ya nyimbo za harusi iliyonunuliwa dukani. Kanda za dukani huwa na vitundu viwili mgongoni. Vitundu hivyo vikiwa wazi, kanda husikika lakini hairekodiki. Bi Hadiya aliziba vitundu kwa plasta ya kidonda. Kanda ikakubali kurekodiwa. Alirekodi maneno yake, akaituma. Abdulhalim alisikiliza, akarekodi jibu juu ya sauti ya mama yake, akairudisha. Mama naye akarekodi juu ya sauti ya mwanawe. Kwa miaka tisa kanda ile ile ilikwenda na kurudi, na hakuna aliyeona ubaya.

Bi Hadiya alijaza pande zote mbili. Jibu nalo lilikuwa na utaratibu wake. Upande mmoja ulikuwa wa Badria, mke wa Abdulhalim, na binti yao Tasnim. Hao waliujaza mpaka mwisho. Upande wa pili ulikuwa wa Abdulhalim. Yeye hakuwahi kuumaliza.

"Mwanangu, wazungumza kama mtu anayelipia simu," Bi Hadiya alimwambia katika kanda moja. Nyumba nzima ilicheka.

Mwaka 1997 Abdulhalim alinunua kompyuta. Alikuwa dereva wa teksi, na hakuwahi kusomea mambo hayo. Jirani yake wa ghorofa ya chini, Patroba, mtu wa Kisumu, ndiye aliyemfundisha. Patroba alikuwa fundi wa kompyuta hospitalini. Alimwonyesha jinsi ya kuunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, ili sauti iingie na kuhifadhiwa. Tangu siku hiyo, kanda ilipofika, Abdulhalim aliiingiza kwanza kwenye kompyuta. Kisha ndipo aliporekodi jibu juu yake.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1998, kompyuta ilijaa. Sauti huchukua nafasi kubwa. Abdulhalim alinunua diski mpya, kubwa zaidi, lakini kompyuta haikuiona yote. Alishuka kumwita Patroba. Alimkuta katikati ya masanduku, kwa sababu Patroba alikuwa anahama. Alikuwa amepata kazi Fort Worth na nyumba Arlington.

"Nusu saa tu, fundi," Abdulhalim alisema.

"Nusu saa ya kwenu au ya kwetu?" Patroba aliuliza, lakini alishachukua bisibisi.

Alifungua sanduku la kompyuta juu ya meza ya kulia. Alitazama ndani.

"Kompyuta yako si kipofu," alisema. "Ni mzee tu. Programu inayoiamsha iliandikwa kabla diski kubwa namna hii hazijatokea."

"Programu si ziko kwenye diski?"

"Nyingi ziko kwenye diski. Hii inakaa hapa." Patroba alionyesha chipu moja nyeusi, ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. "Sisi mafundi tunaiita BIOS. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, hii ndiyo inayoamka kwanza. Inauliza: kibodi ipo? Skrini ipo? Diski ipo? Kisha ndipo inaamsha Windows. Hii ikifa, unabaki na sanduku la bati."

Abdulhalim aliinama kuitazama vizuri. Hakuwa amewahi kuiona.

"Sasa nitaiandika upya," Patroba aliendelea. "Kampuni iliyotengeneza ubao huu unaobeba chipu zote imetoa toleo jipya. Nimelichukua kwao wenyewe, si kwa mtu wa njiani. Liko kwenye flopi hii. Lakini chipu imefungwa. Unaona hiki?"

Kando ya chipu palikuwa na pini tatu fupi. Pini mbili kati ya hizo zilivishwa kikofia cha plastiki, kidogo kama punje ya mchele.

"Kikofia kikiwa hapa, chipu inasomeka lakini haiandikiki. Nikikihamishia pini za upande huu, inaandikika. Mimi nafungua, naandika, kisha nafunga. Mlango huu haufai kuachwa wazi."

Alikihamisha. Alitia flopi na kuandika. Ilichukua dakika tano. Kabla hajamaliza kukusanya vifaa, mkewe aliita kutoka chini kwamba lori la mizigo limefika.

"Nenda, nenda," Abdulhalim alisema. "Nitamalizia mimi."

"Sikiliza, basi. Iwashe mara moja. Ukiona diski inaonekana yote, izime. Chomoa waya wa umeme. Rudisha kikofia pahali pake. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Nitakirudisha baadaye kidogo."

"Nyinyi watu wa pwani, nikisikia neno 'baadaye' naingiwa na baridi."

"Na nyinyi watu wa bara, mkikosa la kukimbilia mwaumwa."

Walicheka, wakakumbatiana. Patroba alishuka na bisibisi mfukoni.

Abdulhalim aliwasha kompyuta. Diski ilionekana yote. Alijaribu sauti ya mama yake, ikasikika safi. Badria alitoka jikoni na mikono ya unga ili asikilize. Tasnim alikuja. Walikaa hapo, wakasikiliza habari za paa linalovuja. Mchana ukapita. Jioni Abdulhalim alifunika sanduku na kukaza parafujo zote nne. Kikofia alikikumbuka alipokuwa akikaza ya mwisho.

"Nitafungua tena siku nyingine," alijiambia.

Desemba kanda ilikuja tena. Abdulhalim aliingiza sauti kwenye kompyuta, kisha akarekodi jibu. Alikuwa amesimama jikoni na funguo za gari mkononi, kwa sababu abiria walikuwa wengi uwanja wa ndege. "Mama, mimi mzima," alisema. "Kazi ni nyingi. Nitazungumza zaidi safari ijayo."

Januari, siku ya tatu baada ya Idi, ndugu yake Riyadh alipiga simu kutoka Mombasa. Bi Hadiya alikuwa amefariki alfajiri. Alizikwa siku ile ile, kama inavyotakiwa. Hakuna ndege ambayo ingemfikisha Abdulhalim kwa wakati.

Baada ya hapo, kompyuta ile haikuwa kompyuta tu. Kila Jumamosi asubuhi Badria alikaanga mahamri, na Abdulhalim alifungulia sauti. Zilikuwamo rekodi kumi na moja za kanda ile. Tasnim, aliyekuwa na miaka tisa, aliwajibu wazazi wake kwa Kiingereza siku zote. Lakini Bibi alipouliza katika kanda, "Tasnim, wanisikia?" yeye alijibu kwa Kiswahili: "Nakusikia, Bibi."

Mwezi wa Machi, Ridhwan alimpa Abdulhalim CD. Ridhwan alikuwa mtu wa Malindi, dereva mwenzake, mwepesi wa kusaidia. CD ilikuwa imenakiliwa nyumbani. Ilikuwa na kamusi, michezo ya watoto, na programu ya kupanga picha za harusi. Juu ya karatasi yake kila aliyeipokea alikuwa ameandika jina. Yalikuwapo majina sita.

"Ongeza jina lako, kisha mpe mwenzako," Ridhwan alisema. "Kitu kizuri hakikai kwa mtu mmoja."

Abdulhalim alipoitia kwenye kompyuta, programu ya kinga, ambayo Patroba alimwekea, ilitoa onyo jekundu kwenye skrini.

"Lasema nini?" Badria aliuliza.

"Lasema CD ina virusi."

"Si uitoe, basi?"

"Mama Tasnim, hii imetoka kwa Ridhwan. Ni mtu wetu. Atatupa uchafu?" Abdulhalim aliona aibu hata kufikiria hivyo. Kumkatalia Ridhwan kungekuwa kumwambia kwamba nyumba yake si safi. "Hii kinga nayo ina wasiwasi mwingi. Hata juzi ilinisumbua bure."

Aliizima kinga. Kamusi ilifanya kazi. Michezo ilifanya kazi. Hapakutokea lolote siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi huo. Aliandika jina lake kwenye karatasi, likawa la saba. Kisha akampa CD muuguzi mmoja Mkenya aliyeitwa Lydiah, aliyekuwa akisoma chuo baada ya kazi.

Jumatatu moja mwishoni mwa Aprili, Abdulhalim alitoka mapema kwenda uwanja wa ndege. Badria, aliyekuwa akiuguza wazee majumbani, alikuwa zamuni kwa mgonjwa wake. Tasnim alikuwa akivaa viatu vya shule. Aliwasha kompyuta ili amsikie Bibi kidogo kabla ya basi kufika. Bibi alisema maneno mawili. Kisha sauti ikakatika. Skrini ilisimama. Taa ndogo ya diski iliwaka, na haikupepesa tena. Tasnim alibonyeza hiki na kile, mara honi ya basi ikalia. Alikimbia, akaiacha vile vile.

Abdulhalim alirudi saa kumi alasiri. Taa ilikuwa bado inawaka, na sanduku lilikuwa la moto. Aliizima kompyuta, akaiwasha tena. Feni ilizunguka. Skrini ilibaki nyeusi. Hapakuwa na mlio, wala herufi, wala kitu.

"Tasnim! Umebonyeza nini?"

"Sikubonyeza kitu, Baba."

"Asubuhi nani alikuwa hapa? Ilikuwa nzima jana! Umebonyeza nini?"

Mtoto alianza kulia. Abdulhalim aliendelea kusema kwa sauti kubwa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na Badria alipoingia mlangoni alisimama akidhani wamepata msiba mwingine.

Walimpigia Patroba simu. Patroba alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Usiguse chochote," alisema. "Usitie diski yoyote. Usimwite mtu mwingine kuijaribu. Niletee kama ilivyo."

Jumamosi, Abdulhalim aliweka sanduku la kompyuta kwenye kiti cha mbele cha gari, akalifunga mkanda. Tasnim alikaa nyuma. Kutoka Missouri City hadi Arlington ni zaidi ya saa nne. Walipita Huntsville na Corsicana, na katika njia yote baba na mtoto hawakuzungumza zaidi ya mara tatu.

Patroba alifungua sanduku juu ya meza yake. Alivaa miwani. Alitazama ndani. Abdulhalim naye alitazama, akaona alichokiona mwenzake. Kikofia kilikuwa pale pale kilipoachwa Oktoba. Miezi sita kilikaa upande wa wazi.

"Umekiona," Abdulhalim alisema.

"Nimekiona." Patroba hakumtazama usoni. "Hebu nikuulize jingine. Kuna CD yoyote ngeni uliyoitia?"

"Ipo. Alinipa Ridhwan."

"Na ile kinga haikusema kitu?"

"Ilisema." Abdulhalim alijibu. "Nikaizima. Ridhwan ni mtu wetu, Patroba. Si mtu wa kunidanganya."

"Hajakudanganya. Naamini hakujua, na aliyempa hakujua. Lakini CD haijui mtu wa nani. Kuna virusi vinavyoingia kimya na kungoja tarehe. Tarehe yenyewe ilikuwa Jumatatu. Kompyuta nyingi zimekufa Jumatatu hiyo, hata hospitalini tumehangaika. Vinafanya mambo mawili. Kwanza, vinaandika takataka juu ya diski, tangu mwanzo wake, bila kukoma. Pili, vinajaribu kuiandika chipu ya kuamshia. Vikiikuta imefungwa, haviiwezi. Vikiikuta wazi, vinaiua."

"Kwa hiyo mtoto..."

"Mtoto aliwasha kompyuta. Basi. Hata wewe ungeiwasha, ingekuwa hivyo hivyo."

Tasnim alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na gilasi ya juisi. Abdulhalim alitaka kumtazama, akashindwa. Alitazama parafujo mezani.

Patroba aliitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake ya zamani, ambayo haikuwa na kitu cha kupotea. Alijaribu saa nzima. Kisha alijaribu saa nyingine, kwa njia nyingine, hatua moja baada ya nyingine, akiandika kila alichofanya kwenye karatasi. Mara moja tu spika ilitoa sauti. Ilikuwa kama redio isiyoshika stesheni.

"Viliandika takataka tangu asubuhi mpaka uliporudi," alisema. "Diski hii haina tena sauti ya mtu. Pole sana, ndugu yangu."

"Kama ningerudisha kikofia..."

"Ngoja. Nisikupe jibu la kukufurahisha wala la kukuumiza. Kikofia kingeokoa mashine. Kisingeokoa diski. Kinga uliyoizima ndiyo ingezuia virusi visiingie. Na nakala ndiyo ingeokoa sauti. Ulikuwa na nakala pahali pengine?"

"Nilidhani kompyuta ndiyo nakala."

Patroba alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Mimi nami nina langu. Kile kikofia ni kazi ya nusu dakika. Ningekirudisha mwenyewe, lori lingesubiri. Na sikukuuliza habari ya nakala hata siku moja."

Alimwita Tasnim mezani. Alichukua kanda ya nyimbo za kanisani kutoka kwenye rafu, akamwonyesha mgongo wake.

"Unaviona vitundu hivi? Vikiwa wazi, mtu hawezi kurekodi juu yake, hata akibonyeza kwa bahati mbaya. Ile chipu ya kompyuta nayo ina kitundu chake. Ni hiki kikofia. Kitu ambacho hutaki kifutwe, unakifunga. Ukihitaji kukibadilisha, unafungua wewe mwenyewe, unabadilisha, unafunga kabla hujanyanyuka kitini."

"Bibi aliziba vitundu kwa plasta," Tasnim alisema.

"Ili aweze kurekodi. Sawa. Lakini baada ya hapo, kanda yake iliweza kufutwa na yeyote."

Abdulhalim aliposikia hayo alitoka nje. Alisimama kwenye maegesho, karibu na gari. Tasnim alimfuata baada ya muda.

"Tasnim, nilikugombeza bure," alisema. "Hukuharibu kitu. Niliharibu mimi. Niliambiwa nifunge, nikasema baadaye. Nilionywa, nikazima onyo. Unisamehe, mwanangu."

Tasnim alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba si kitu. Kisha akauliza kwa Kiswahili: "Basi Bibi amekufa tena?"

Abdulhalim alimshika mkono, wakarudi ndani.

Jioni ile Patroba alimweleza la kufanya, polepole, na Abdulhalim aliandika. Chipu mpya ingeandikwa na kutumwa. Kikofia kingerudishwa kabla kompyuta haijawashwa kwa kazi nyingine. Ndani ya ukurasa wa kuiwekea kompyuta mipangilio wangetia neno la siri, ili mtu mwingine asiibadilishe. Kinga isizimwe, na ipewe orodha mpya ya virusi kila wiki, kwa sababu kinga isiyojua virusi vipya ni mlinzi aliyelala. Programu ya chipu isiguswe bila sababu, na ikiguswa, itoke kwa aliyetengeneza ubao. Na kitu kisichoweza kupatikana tena kiwe na nakala mbili, moja nje ya nyumba.

"Na jingine la mwisho," Patroba alisema, "mpigie Ridhwan. Sio kumlaumu. Ile karatasi ina majina."

Abdulhalim alipiga simu Jumapili baada ya sala ya adhuhuri.

"Wallahi sikujua," Ridhwan alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yangu nayo imekufa. Nilidhani ni umeme. Wallahi, Abdul, sauti za mama zilikuwamo?"

"Zilikuwamo."

"Ya Allah. Nikufanyie nini?"

"Najua hukujua. Mimi niliambiwa. Tuwapigie wenzetu."

Karatasi ilikuwa kwa Lydiah, lakini Ridhwan aliyakumbuka majina, wakagawana. Watu wawili kompyuta zao zilikuwa zimekufa tayari, na hawakujua kwa nini. Watatu waliwasha zao siku ile, lakini hazikuwa za aina inayoumia chipu. Hao walipoteza yaliyomo kwenye diski tu. Kompyuta ya Lydiah ilikuwa nzima. Jumatatu hiyo alikuwa hospitalini tangu alfajiri mpaka usiku, akarudi akalala bila kuigusa.

"Mungu wangu," Lydiah alisema. "Na kazi yangu yote ya chuo iko humo. Ya miaka miwili."

"Una nakala?"

"Ya nini?"

Abdulhalim mwenyewe alikwenda nyumbani kwa Lydiah. Alimsaidia kunakili kazi yake kwenye flopi kwanza, maandishi tu, si programu. Kisha Patroba aliwaelekeza kwa simu jinsi ya kusafisha virusi. Mwisho Abdulhalim alifungua sanduku, akatafuta pini tatu. Kikofia kilikuwa upande wa kufungwa. Alikigusa kwa kidole, mara mbili, kuhakikisha. Wakaivunja CD vipande vipande, lakini karatasi ya majina Abdulhalim aliiweka mfukoni.

Katikati ya Mei chipu ilifika. Abdulhalim aliipachika akifuata karatasi ya Patroba, mstari kwa mstari. Alirudisha kikofia kabla ya kukaza hata parafujo moja. Kompyuta iliamka. Iliuliza kibodi, skrini, diski. Vyote vilikuwapo. Badria alisimama nyuma yake na mikono ya unga, kama siku ile ya Oktoba. Lakini hapakuwa na la kusikiliza, na baadaye alirudi jikoni.

Mwezi wa Juni, mtu alikuja kutoka Mombasa na soksi. Ndani mlikuwa na pakiti ya iliki na kanda. Riyadh alikuwa ameandika kijikaratasi: "Mama aliisikiliza mara mbili. Hakuwahi kurekodi jibu. Nimeona irudi kwako."

Abdulhalim aliiweka juu ya friji.

"Tuisikilize," Badria alisema siku ya Jumamosi.

"Ya nini? Humo mna sauti zetu wenyewe. Upande wenu, na upande wangu."

"Basi tusikilize alichokisikia yeye."

Alileta redio kaseti mezani. Kitufe cha kucheza na kitufe cha kurekodi vilikuwa vimekaa bega kwa bega. Abdulhalim alinyoosha mkono.

"Baba, ngoja," Tasnim alisema.

Alichukua kanda, akaigeuza mgongo. Plasta ya Bi Hadiya ilikuwa bado imebandikwa, imechakaa, imekuwa ya kahawia. Tasnim aliingiza ukucha chini yake, akaibandua taratibu. Vitundu vikabaki wazi. Kisha akampa baba yake kanda.

Walisikiliza upande wa Badria na Tasnim. Ulijaa mpaka mwisho kwa mashairi ya shule na vicheko. Waligeuza kanda.

"Mama, mimi mzima," ilisema sauti ya Abdulhalim. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama. Funguo zililia. Alitaja hali ya hewa, akataja kazi. Alitaja kazi tena. "Nitazungumza zaidi safari ijayo."

Kitufe kikalia. Ukafuata mvumo mtupu wa kanda. Abdulhalim alinyoosha mkono kuizima.

"...nikamwambia fundi, wewe, paa umeliziba upande wa jua, mvua hainyeshi upande wa jua peke yake..."

Mkono ulibaki hewani. Badria aliziba mdomo. Ilikuwa kanda ya Desemba, ile ambayo Abdulhalim alirekodi jibu juu yake na hakuimaliza. Pale jibu lake lilipokoma, mama yake alikuwa bado anazungumza. Alieleza habari za fundi, na habari za paka wa jirani. Aliuliza, "Tasnim, wanisikia?"

"Nakusikia, Bibi," Tasnim alisema.

Zilikuwa dakika saba. Kisha Bi Hadiya alivuta pumzi. "Haya, kanda inakwisha, mimi sijakwisha."

Siku hiyo hiyo Abdulhalim aliiingiza sauti kwenye kompyuta, kinga ikiwa macho. Alitengeneza CD mbili. Moja ilikwenda Arlington kwa Patroba. Moja ilikwenda Mombasa kwa Riyadh, ndani ya soksi. Kanda yenyewe, vitundu wazi, iliwekwa ndani ya kopo la iliki.

Jumamosi asubuhi nyumba nzima bado husikiliza. Abdulhalim angependa kuruka mwanzo na kufika moja kwa moja kwa mama yake. Tasnim hakubali. Anasema kanda husikilizwa yote. Basi kila Jumamosi, kabla ya zile dakika saba, Abdulhalim hukaa kimya na kumsikiliza mtu mwenye haraka, aliyeshika funguo, akimwahidi mama yake safari ijayo.